Walisema mamdogo kaponzwa na majira

Siku ya tatu ya msiba wa mamdogo, aliyechukuliwa na kansa ya ovari, tulikuwa tumekaa mkekani uani kule Ngamiani, Tanga, khitma imeshasomwa, wanaume wametoka, tumebaki wanawake na birika la chai na mandazi na mbaazi, ndo maneno yakaanza. Mmoja akasema hawa wasiozaa mwisho wao ndo huu, kizazi kikikaa bure kinaoza. Mwingine akadakia, hapana, yule alimeza majira enzi za mume wake wa kwanza, vile vidonge vya kupanga uzazi vinarundikana tumboni mpaka vinakuwa uvimbe, yeye anamjua mtu wa Muheza alipasuliwa wakavikuta. Wanasema hayo na mama yangu, dada wa marehemu tumbo moja, yuko hatua mbili kutoka pale, kashika tasbihi, anasikia kila kitu.

Mimi nilinyamaza. Sikuwa na la kujibu siku ile, na kile kimya kimenikaa rohoni mpaka leo, mwezi wa saba huu. Tangu hapo nimeuliza sana, nimemuuliza dokta aliyekuwa anamtibu mamdogo Dar, nimemuuliza nesi wa uzazi wa mpango ambaye ni jirani yangu huku Pongwe, nimesoma usiku, bando likikata naongeza. Nilichokuta ni kwamba yule wa kwanza alishika kipande cha ukweli akakifanya fimbo ya kumpigia marehemu, na yule wa pili alisema kitu ambacho ukweli wake ni kinyume, yaani kinyume kabisa, na wanawake wengi mjini hapa wanakiamini mpaka wanaacha kwenda kliniki kwa sababu yake.

Kwanza tuelewane tunaongelea kansa gani, maana huku kwetu mtu akisema "kansa ya kizazi" anaweza kuwa anamaanisha vitu vitatu. Kuna ya shingo ya kizazi, ile inayoletwa na kirusi cha HPV, ndo ile tunapimwa kwa siki na ndo ile mabinti wanachanjwa shuleni tangu 2018. Kuna ya mfuko wa uzazi wenyewe. Na kuna hii ya ovari, vile vifuko viwili vya mayai, kimoja kulia kimoja kushoto, kila kimoja kama kungu dogo. Hii ya tatu ndo iliyomchukua mamdogo. Na naomba mlisome hili taratibu: kipimo cha siki hakiioni kansa ya ovari. Kinaangalia shingo ya kizazi tu. Mamdogo alikuwa amepimwa mara mbili, kadi anayo, akawa anatuambia mimi huko nyumbani kwangu kuzima, nimepimwa. Alikuwa mkweli kwa alichopimwa, ila hakuna aliyemwambia kwamba huko juu zaidi hakuna aliyetazama.

Sasa nije kwenye kuku. Wengi wenu mnajua nafuga kuku wa mayai. Kuku akivuka miaka miwili mitatu bado anataga, unaanza kuona mmoja mmoja tumbo linashuka, anatembea kama bata, ukimchinja ndani unakuta maji ya njano. Siku zote nilikuwa nasema ni yai limepasukia ndani, na mara nyingi kweli ndo hivyo. Lakini nikaja kusoma kwamba kuku wa mayai ni katika viumbe wachache sana, ukimtoa binadamu, wanaopata kansa ya ovari wenyewe, bila kupandikizwa na mtu, na wanasayansi wanawatumia kuichunguza hii kansa ya wanawake. Na tumbo la maji ni moja ya dalili zake kwa kuku. Nilipofika hapo niliweka simu chini, kwa sababu mamdogo miezi yake ya mwisho walikuwa wanamtoa maji tumboni kwa mpira, lita kwa lita, na mimi ndo nilikuwa nashika beseni.

Kwa nini kuku? Kwa sababu anataga karibu kila siku. Kuku wangu mzuri ananipa mayai 280 mpaka 300 kwa mwaka. Na yai, la kuku au la mwanamke, halitoki kwenye ovari kwa mlango, linatoka kwa kuipasua ngozi ya juu. Panabaki kidonda kidogo, mwili unakiziba, seli zinajigawa kuziba lile pengo, mwezi ujao tena, mwezi mwingine tena. Kila seli zinapojigawa kuna nafasi ndogo ya kukosea nakala, na makosa yakirundikana miaka na miaka ndo kansa inapata pa kuanzia. Mwaka 1971 daktari wa Misri, Mahmoud Fathalla, aliandika kwenye jarida la Lancet akauliza kama huku kuachia mayai mfululizo bila kupumzika si ndo mojawapo ya chanzo. Ilikuwa makala fupi tu, ila mpaka leo madaktari bado wanarudi kwake. Baadaye imeonekana pia kwamba nyingi katika zile kansa kali kabisa za ovari zinaanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale kwenye vile vidole vidole vinavyolipokea yai, alafu ndo zinahamia kwenye ovari. Lakini hata hapo yai limo, maana ile ncha inaoga majimaji yanayomwagika kila yai linapopasuka.

Nilichukua daftari la mauzo nikapiga hesabu. Mamdogo alivunja ungo na miaka 12, hedhi ikakoma ana 53. Hiyo ni miaka 41, kila mwaka weka mara 13, unapata 533. Hakubeba mimba hata moja. Bibi yangu, mama yao, kavunja ungo na miaka 15, hedhi imekoma na 48, hiyo ni miaka 33 na ukizidisha unapata 429. Lakini bibi kazaa watoto wanane. Miezi tisa mara nane ni miaka sita. Alafu bibi alinyonyesha kila mtoto miaka miwili kamili kama Qurani ilivyosema, na anasema kila mtoto ilipita kama mwaka hivi kabla hajaona damu, kwahiyo weka miaka nane mingine. Toa 14 kwenye 33, inabaki 19, mara 13 ni 247. Ni hesabu yangu ya mkono, si ya maabara, kuna miezi yai halitoki hata kama damu imetoka. Lakini angalia tu, mama 247, mwanawe 533. Na kuku wangu anaifikia hesabu ya mamdogo kabla hajamaliza miaka miwili ya kutaga.

Sasa rudi kwa yule aliyesema kizazi kikikaa bure kinaoza. Mimi nimelia kwa hili zaidi kuliko kwa jingine lolote. Hakikukaa bure! Kilifanya kazi miaka 41 karibu bila kupumzika. Yule mwanamke alivyosemwa maisha yake yote kwamba ndani mwake hamna kitu, kumbe ndani mwake mlikuwa na kazi kila mwezi, kila mwezi, kila mwezi.

Na alisemwa sana jamani. Mume wa kwanza alimwacha kwa ajili hiyo, na yeye mwenyewe mume hakuwahi kupima. Alipelekwa Pangani kwa mganga, alipelekwa Lushoto kwa mwingine, kanyweshwa miti ya kila rangi. Mimi kanilea tangu darasa la tatu, vitenge vyangu vya kwanza kanishonea yeye, wakati navunja ungo ndo alikuwa somo wangu kwa sababu mama alikuwa safarini, na bado kwenye shughuli za watu alikuwa anakaa nyuma, mambo ya uzazi yakianza ananyanyuka kwenda kuosha vyombo.

Ni kweli mwanamke ambaye hajabeba mimba mpaka mwisho ana hatari zaidi ya kansa hii kuliko aliyezaa, hilo sitaficha. Mtoto wa kwanza anapunguza hatari kwa kama moja ya tano, na kila anayefuata anaipunguza tena kidogo. Kunyonyesha nako kunapunguza, na kadiri unavyonyonyesha zaidi ndo inavyopungua zaidi. Na hapa hesabu yangu ya daftari haitoshi, maana mimba moja inazuia mayai kama kumi tu hivi, sasa kumi ukiyatoa kwenye mia nne si kitu, lakini kinga inayoonekana ni kubwa kuliko hapo. Kwahiyo madaktari wanaona si mapumziko peke yake, homoni ya mimba yenyewe, projesteroni, inaonekana inasaidia kufa kwa seli ambazo zimeshaanza kuharibika. Mimba inayokuja umri umeshakwenda, miaka 35 na kuendelea, nayo inakinga vizuri tu.

Lakini "hatari zaidi" ni maneno ya kupima, siyo hukumu. Kwenye nchi ambako wanahesabu vizuri magonjwa haya, katika wanawake 100 ni kama mmoja tu anayepata kansa ya ovari maisha yake yote. Asiyezaa kwake inapanda kutoka hapo, lakini bado wengi mno katika wasiozaa hawaipati kabisa, wanazeeka na kufa na mengine. Na waliozaa sita saba wanaipata pia, kwenye wodi aliyolazwa mamdogo alikuwepo mama wa Kilwa mwenye watoto tisa, kitanda cha pili kutoka kwake. Kwahiyo wewe uliyezaa usikae ukasema mimi hainihusu, na wewe ambaye Mungu hajakupa usikae ukasubiri. Na wale mnaotumia dawa za kuivisha mayai hospitali mkitafuta mtoto, najua mnaogopa mkisoma haya, tafiti nyingi hazijaonyesha wazi kwamba zile dawa zenyewe ndo zinaleta kansa, shida kubwa ni kwamba anayezitumia ndo huyo huyo ambaye hajabeba mimba, sasa kuvitenganisha hivi viwili ni kazi. Muulize dokta wako, usiache dawa kwa ajili ya blogu yangu.

Haya, majira.

Vidonge vya majira, vile vya kawaida vyenye homoni mbili ndani, kazi yake kubwa ni moja: yai lisitoke. Umeshaona ninakokwenda. Kama yai halitoki, ngozi ya ovari haipasuki, ovari inapumzika kama imebeba mimba. Mwaka 2008 watafiti walikusanya data za tafiti 45 kutoka nchi 21, wanawake zaidi ya 23,000 wenye kansa ya ovari wakawalinganisha na wengine wengi zaidi wasio nayo, na matokeo yakatoka Lancet. Kila miaka mitano ya kumeza vidonge hatari inashuka kwa kama moja ya tano, ukifika miaka 15 imeshuka nusu. Na kinga haiishi siku unayoacha, walikuta bado ipo hata miaka 30 baadaye ingawa inazidi kupungua. Nilimsomea nesi wangu hii sentensi kwa sauti, akaniambia dada hilo tunafundishwa, ila ukimwambia mtu dirishani anakuona umetumwa.

Na habari ya vidonge kurundikana tumboni. Kidonge kinayeyuka, kinaingia kwenye damu, ini linakisaga, kinatoka kwa mkojo na choo. Ndo maana unatakiwa umeze kila siku! Kama vingekuwa vinakaa, kimoja si kingetosha mwezi mzima? Yule wa Muheza aliyepasuliwa mimi simjui, ila wanawake wanapata vimbe za kila aina, waliomeza na wasiomeza, na aliyemeza akipata watu wanakumbuka kidonge.

Mamdogo alimeza miezi minne. Miezi minne tu, tena walimpa kupanga hedhi iliyokuwa inarukaruka, akaacha kwa sababu mume alivikuta kwenye mkoba kukawa na vita. Kama majira yalimfanya chochote basi yalimpunguzia, ila miezi minne haitoshi kufanya lolote la maana.

Sasa na mimi sitaki mtu atoke hapa mbio akanunue vidonge duka la dawa kama kinga ya kansa, hapana jamani. Vina upande wake wa pili. Wakati unavitumia hatari ya kansa ya titi inapanda kidogo, na ya shingo ya kizazi inapanda kwa anayetumia miaka mingi, alafu ukiacha zinashuka tena pole pole. Damu kuganda mguuni au kwenye mapafu ni jambo la kweli. Mwenye presha, anayevuta sigara na kavuka 35, mwenye kipandauso kile cha kuona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza, aliyewahi kupata stroku, aliyetoka kujifungua juzi, hao vile vya homoni mbili si vyao, ndo maana kuna nesi wa kukupima presha na kukuuliza maswali. Ninachosema ni kwamba ukishashauriwa na ukawa unavitumia kupanga uzazi, usiku usilale na hofu kwamba unajilimbikizia kansa ya ovari. Ni kinyume. Sindano ya miezi mitatu nayo, ambayo huku ndo wengi wanaipenda kwa sababu mume haioni, tafiti zinaelekea huko huko kwenye kupunguza, ingawa hazijawa nyingi kama za vidonge. (Na kuku pia walishachomwa hiyo homoni kwenye utafiti, kansa ikapungua. Nimelisoma mara tatu.)

Kufunga kizazi nako kunapunguza, kwa kama robo mpaka theluthi. Na siku hizi kuna nchi, mama akipasuliwa kwa jambo jingine na kashamaliza kuzaa, wanamuuliza kama anataka mirija yote itolewe badala ya kufungwa tu, kwa sababu ya ile ncha niliyosema. Ovari wanaziacha, maana ukizitoa mapema unamwingiza mwanamke ukomo wa hedhi kwa ghafla, moyo na mifupa inapata tabu.

Homoni za baada ya hedhi kukoma ndo habari nyingine, na hii inaelekea upande wa pili. Kuna wanawake jasho la ghafla na kukosa usingizi vinawatesa mpaka wanapewa vidonge au viraka vya homoni, huku si wengi ila wenye ndugu Uingereza wanatumiwa kwenye mabegi, mimi nawajua wawili. Watafiti wale wale mwaka 2015 walionyesha kwamba hizo zinaongeza kansa ya ovari kidogo: katika wanawake 1,000 wanaozitumia miaka mitano kuanzia kwenye 50 hivi, anaongezeka mgonjwa mmoja. Mmoja katika elfu. Kwa mwingine hiyo ni bei anayokubali kuilipa ili alale usiku, na ni haki yake, lakini aijue, na asitumie ya kwenye begi la shangazi bila kuonana na dokta.

Kuvunja ungo mapema na hedhi kuchelewa kukoma, vyote vinaongeza, ila kidogo sana, hilo nalipita.

Chango silipiti. Huku kila maumivu ya hedhi ni chango, binti anagaragara chini siku mbili anapewa mwarobaini anaambiwa ukizaa litakwisha. Baadhi ya hao wana endometriosisi, ile nyama ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko, kwenye ovari, kwenye mirija, na kila mwezi inavuja damu huko huko ndani. Wenye ugonjwa huu hatari yao ya aina fulani za kansa ya ovari inapanda. Wengi wao hawatapata, nasisitiza tena, lakini ni sababu tosha ya kutomwambia binti avumilie. Mamdogo alikuwa analala chini sakafuni siku zake, anasema baridi ya saruji inasaidia. Nakumbuka mpaka khanga aliyokuwa anajifunga. Hakuna aliyewahi kumpima kwa hilo.

Na kuna damu ya ukoo, hii ndo kubwa kuliko zote nilizotaja. Kuna jeni mbili zinaitwa BRCA1 na BRCA2, mtu akizirithi zikiwa na hitilafu, hatari haipandi kidogo, inapanda kweli kweli: kwa ya kwanza ni kama wanawake 40 na kitu katika 100 wanapata kansa ya ovari wakifika 80, kwa ya pili ni chini ya 20. Na ni hizo hizo zinazoleta kansa ya titi. Zinapita kwa baba pia, siyo kwa mama tu. Dokta alipotuuliza Dar kama kuna mtu kwenye ukoo alikufa na titi, tulitazamana. Hatukujua. Sisi tunajua nani kamwoa nani mpaka kizazi cha tano, lakini nani alikufa na nini, tunasema tu aliumwa, siku yake ilifika.

Sasa nieleze alivyoumwa, maana huenda kuna mtu anasoma hapa na yuko pale pale. Alianza na tumbo kujaa. Akila mkate robo tu anasema nimeshiba. Sketi zinambana huku mikono inakonda. Anaenda kukojoa kila saa. Kituo cha kwanza, sitakitaja, walisema gesi na vidonda vya tumbo, akapewa dawa za wiki mbili. Akarudi, wakasema taifodi na yutiai, sindano siku tano. Kituo kingine wakasema umri. Hivyo hivyo miezi kumi, na kila safari hakuna aliyemlaza kitandani akamshika tumbo la chini, hakuna aliyesema twende altrasaundi. Aliyeona ni binti mmoja wa altrasaundi ambaye nilimlipa mwenyewe, aligusisha ile mashine akanyamaza, akamwita mwenzake.

Nesi wangu kanifundisha njia ya kukumbuka: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya tumbo la chini au nyonga, kukojoa mara kwa mara au kwa haraka. Kila mtu anayapata hayo siku mojamoja. Lakini yakiwa mapya, ndani ya mwaka huu, na yanakuja zaidi ya siku 12 kwa mwezi, hasa kama umevuka 50, nenda na useme kwa kinywa chako: naomba mniangalie ovari. Ultrasaundi ya tumbo la chini, ikiwezekana ile ya kupitia ukeni inaona vizuri zaidi. Kuna na kipimo cha damu cha CA-125, lakini kile kinaweza kupanda kwa mambo mengine, hata hedhi, mimba, faibroidi, endometriosisi, hata TB ya tumbo ambayo kwetu ipo, kwahiyo kikipanda usianze kuandika wosia, na kikiwa chini usijipe uhakika.

Mtu ataniuliza, basi tupimwe wote kila mwaka kama siki. Na mimi niliuliza hivyo, kwa hasira kabisa. Uingereza walijaribu, walianza 2001, wanawake zaidi ya 200,000, wengine wanapimwa damu na wengine altrasaundi kila mwaka na wengine hawapimwi, wakawafuata miaka mingi, na majibu ya 2021 yakasema waliopimwa hawakuokoka zaidi ya wasiopimwa. Kwahiyo kwa sasa hakuna kipimo cha kuwapima wasio na dalili kikasaidia. Iliniuma, maana nilitaka kuwe na mlango ambao tuliukosa. Tulioukosa ni ile miezi kumi, na hata hapo dokta hakuniahidi kwamba angepona, alisema tu tungepata nafasi zaidi.

Wiki iliyopita nilikwenda Ngamiani nikakaa na yule aliyesema habari ya majira. Sikwenda kugombana. Nilimbebea trei ya mayai, nikamwambia habari ya kuku, nikamwonyesha daftari, hesabu ya bibi na hesabu ya mamdogo. Aliangalia muda mrefu. Akaniuliza, sasa binti yangu ana vile vidonge, nilimnyang'anya nikavitupa, nimrudishie? Nikamwambia ampeleke kliniki apimwe presha, wamrudishie wao. Akasema ataenda naye.

Yule wa kwanza bado sijaenda. Nitaenda.

Na jana usiku mama, ambaye tangu msiba hazungumzi sana, kaniita jikoni akasema amekumbuka. Mama yake mkubwa, dada wa bibi, aliyekuwa anakaa Pangani ng'ambo ya mto kule Bweni, alikaa ndani mwaka mzima hatoki, watoto walikuwa wanakatazwa kuingia chumbani, na kulikuwa na harufu. Walisema karogwa. Mama anasema alichungulia siku moja akaona wamemfunga kitambaa kifuani, upande mmoja. Sasa mama kasema Jumamosi twende kwa mjomba, yeye ndo mkubwa aliyebaki, anakumbuka nani alikufa vipi. Nimeshanunua daftari jipya, la mauzo limejaa.